Shajara ya mradi: kung'oa boila ya zamani na kufunga mpya inayovuna joto la moshi

Jumapili, kabla ya kununua chochote

Boila ya hapa nyumbani, yaani mtambo wa gesi unaopasha maji yanayozunguka vyumbani kuleta joto, ni ile ya chuma kizito, imekaa chini stoo, ina kamoto kadogo ka kuwashia kasikozimika mchana wala usiku, na juu yake dohani pana inapeleka moshi wa moto moja kwa moja angani. Bado inawaka vizuri tu. Siibadilishi kwasababu imekufa, naibadilisha kwasababu inakula gesi hovyo na bado chumba cha mama juu hakipati joto la maana, na nimeamua niandike hatua zote humu maana kila ninayemuuliza ananiambia nunua boila ya kisasa utaokoa gesi, basi, stori imeisha hapo. Wakati kiukweli boila yenyewe ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni maji yanayotoka kwenye radieta, zile paneli za chuma za vyumbani zinazopitisha maji ya moto, kurudi kwenye boila, yanarudi na joto kiasi gani, na hiyo ntakuwa naitaja mpaka mwisho.

Iko hivi. Gesi asilia ikiungua inatoa hewa ya ukaa na maji, na hayo maji sio kidogo, kila meta moja ya ujazo ya gesi inazaa kilo 1.6 hivi za maji, ila yanatoka yakiwa mvuke ndani ya moshi kwahiyo huyaoni. Ule mvuke umebeba joto. Ukiugeuza kuwa maji ndani ya boila unapata nyongeza ya karibu asilimia 11 juu ya joto la moto wenyewe, na kwenye boila za zamani nyongeza hiyo yote inapita dohanini. Sasa mvuke haugeuki maji mpaka ukutane na kitu cha baridi, na kwa moshi wa gesi mpaka wake ni kwenye nyuzi 55 hivi. Na kitu cha baridi pekee kilichopo ndani ya boila ni maji yanayorudi kutoka kwenye radieta. Yakirudi na nyuzi 60 au 65, hata boila iwe mpya kiasi gani, mvuke unapita hivyo hivyo. Yakirudi na 45 unaanza kuvuna, yakirudi na 35 unavuna kweli kweli.

Ndo maana pia kwenye brosha unakuta boila imeandikwa asilimia 105 au 107. Sio uongo, wanahesabu nguvu ya gesi bila kuingiza joto la mvuke, ukiliingiza namba inarudi chini ya mia. Ila ukilinganisha boila mbili hakikisha zote zimehesabiwa kwa njia moja, maana hapo watu wengi wanachanganywa.

Jumatatu jioni, futikamba na daftari

Fundi aliyekuja mwanzo kuangalia alisoma kibati cha boila ya zamani, kilowati 28, akasema tuweke ya 30 ili ukae salama. Hakupima hata dirisha moja. Mimi huo utaratibu siukubali kabisa, maana boila ikizidi nyumba haikupi usalama wowote, inawaka dakika mbili inazima, inapumzika inawaka tena, na kila ikitaka kuwaka feni inapuliza kwanza kusafisha chumba cha moto, joto linatoka nje na vifaa vinachoka mapema.

Kwahiyo nimechukua futikamba na daftari nikazunguka nyumba nzima. Hesabu yenyewe ni rahisi: eneo la ukuta au dirisha, mara namba yake ya kupitisha joto (wati kwa kila meta ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti), mara tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Nimechukua ndani nyuzi 20, nje nyuzi 5 chini ya sifuri, tofauti 25. Ukuta wa matofali mawili wenye uwazi katikati usiojazwa kitu nimeuwekea 1.5, madirisha ya vioo viwili ya zamani 2.8, paa lililotandikwa pamba ya kuzuia joto 0.3, sakafu 0.6. Halafu kuna hewa inayopenya, hiyo unachukua ujazo wa chumba mara 0.33 mara idadi ya mara hewa inabadilika kwa saa mara tofauti ya joto.

Sebule kwa mfano. Ukuta wa nje ukiondoa dirisha ni meta za mraba 17.6, inatoka wati 660. Dirisha meta 4, wati 280. Sakafu meta 20, wati 300. Hewa, wati 317. Jumla ni kama wati 1,560, yaani hicho ndo chumba kikubwa kuliko vyote na kinataka chini ya kilowati mbili kwenye usiku mbaya kabisa wa mwaka.

Nyumba nzima imetoka kilowati 8.8. Boila iliyopo ni ya 28! Yaani miaka yote hii tumekuwa na boila mara tatu ya mahitaji.

Jumatano, mita imekubali

Karatasi inaweza kudanganya kwahiyo nikataka ushahidi wa pili. Hapa gesi ni ya radieta peke yake, maji ya kuoga yana hita yake ya umeme na kupika pia ni umeme, hivyo mita ya gesi inaniambia ukweli bila kuchuja. Nimesoma mita saa moja asubuhi jana na leo saa ile ile, na nje nimeacha thamomita inayorekodi. Wastani wa nje nyuzi 3, gesi iliyotumika meta za ujazo 20. Kila meta ni kama kilowati saa 10.5, kwahiyo 210. Boila za aina hii zenye kamoto ka kudumu na dohani wazi nikiipa asilimia 68 nakuwa nimeiheshimu, inabaki 143 iliyoingia ndani ya nyumba, gawa kwa saa 24 unapata kilowati 6. Na mahesabu ya futikamba kwa nyuzi 3 nje yanasema kilowati 6 vile vile. Nimefurahi sana, maana sasa nikiongea na fundi nina namba mbili zilizotoka njia tofauti zikakutana sehemu moja.

Fundi mwingine amekuja jioni, mtu mzima, ana leseni ya gesi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba daftari langu akakaa nalo. Nikamuuliza,

"Fundi, ya kilowati 12 itatosha kweli?"

"Kama hivi vipimo umechukua mwenyewe na mita imekubali, inatosha na inabaki. Wewe kaka tatizo lako sio boila. Radieta zako ndo zinaniumiza kichwa."

Huyo ndo tumekubaliana naye. Boila ni ya kilowati 12 na inaweza kujishusha mpaka 2, na hiyo ya kujishusha mimi naiona ina maana kuliko ile namba ya juu, maana siku nyingi za msimu nyumba inataka kilowati 3 au 4 tu na boila isiyoweza kushuka itashinda inawaka na kuzima. Tumegawana kazi pia: gesi, dohani na kuwasha mara ya kwanza ni zake peke yake, hapo siweki mkono na mtu yeyote asiye na leseni asiweke, hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala haitoi onyo. Radieta, paipu za maji, kusafisha na kufunika paipu ni zangu.

Jumamosi, radieta

Hapa ndo penye kazi. Radieta zinauzwa na wati zilizopimwa maji yakiwa na wastani wa nyuzi 50 juu ya joto la chumba, yaani maji yanaingia na 75 yanatoka na 65 chumba kikiwa 20. Ukishusha maji, wati zinashuka haraka kuliko unavyodhani. Tofauti ikiwa 40 unabaki na robo tatu, ikiwa 30 unabaki na nusu tu, ikiwa 25 unabaki na asilimia 40 hivi. Sasa mimi lengo langu ni maji kwenda na 55 na kurudi na 45 usiku ule mbaya kabisa, hiyo ni tofauti ya 30, maana yake kila radieta lazima iwe na karibu mara mbili ya wati ambazo chumba kinataka.

Sebuleni iliyokuwepo imeandikwa wati 2,200. Ukikata nusu unabaki na 1,130, chumba kinataka 1,560. Haitoshi. Hapo watu wanachofanya ni kupandisha maji mpaka 75 chumba kipate joto, na boila mpya inageuka kuwa ya kawaida siku ile ile. Nimeweka yenye paneli tatu, urefu karibu ule ule, imekuwa nene tu kutoka ukutani, wati 3,100. Chumba cha mama vile vile, iliyokuwepo ilikuwa ya paneli moja nyembamba, nimeweka ya paneli mbili zenye mapezi katikati. Vyumba vingine vilikuwa na radieta kubwa kuliko mahitaji tangu mwanzo kwahiyo nimeziacha. Bafuni nimeacha pia, ni ndogo kidogo ila mlango unakaa wazi na korido ina joto la ziada.

Kwahiyo sio lazima ubadilishe zote, pima chumba kwa chumba. Mtu akikuambia nyumba za zamani haziwezi boila hizi mwambie alete mahesabu.

Valvu zote nimeweka mpya za thamostati, zinazojifunga zenyewe chumba kikipata joto, isipokuwa ya sebuleni ambako ndo kuna kipimajoto cha boila, hiyo inabaki wazi muda wote ili vitu viwili visigombane kuongoza chumba kimoja.

Jumapili, tope

Leo nimefungua radieta ya chini korido, ile ambayo juu inakuwa na joto na chini inabaki baridi. Niliibeba nje na kuimwaga kwenye beseni jeupe. Yalitoka maji meusi kama wino, mazito, na chini yake tope laini ambalo ukilisugua kwa vidole halina chembe, linateleza tu na kubaki kwenye mistari ya ngozi. Nikaweka kidogo kwenye chupa ya kioo, nikasogeza sumaku upande wa nje, na lile tope lote likahama, likapanda ukutani mwa chupa likasimama miiba miiba kuifuata sumaku. Hiyo ni kutu nyeusi ya chuma, inatokana na radieta zenyewe kuliwa taratibu kwa ndani kila hewa inapoingia kwenye maji, na inatulia chini ya radieta kwasababu ni nzito.

Boila ya zamani ilikuwa haijali, njia zake za maji ni pana mkono unaingia. Mpya njia zake ni nyembamba na tope hili likienda kukaa mle unaanza kusikia kelele za maji kuchemka, joto halipiti, na kibadilisha joto, yaani sehemu ambayo moto unapasha maji, kinakufa. Kwahiyo kusafisha sio hiari. Nimeshusha radieta moja moja nikazipeleka nje nikazipiga maji ya presha mpaka yakatoka meupe, halafu paipu zenyewe tumesukuma maji kwa mashine ya fundi, mbele na nyuma, na dawa ya kulegeza imezunguka usiku kucha boila ya zamani ikiwa bado imewaka, maana dawa inafanya kazi vizuri kwenye maji ya moto. Hiyo ndo kazi yake ya mwisho ile boila na imeifanya vizuri.

Jumanne, boila ya zamani inaondoka

Kabla ya kugusa kitu fundi alionyesha kamba nyeupe iliyozunguka mlango wa chumba cha moto. Boila za umri huu mara nyingi kamba hizo na vifuniko vya paipu vina asbesto, na vumbi la asbesto linaua mapafu, halafu madhara yake yanakuja miaka mingi baadaye. Hatukuikata wala kuichokoa. Walikuja watu wenye mafunzo, wakachukua kipande, majibu yakatoka ipo, wakarudi na mavazi yao wakailowesha wakaitoa na kuifunga kwenye mifuko maalumu. Imeturudisha nyuma kiasi lakini hiyo sehemu ya kazi siwezi kumshauri mtu airuke kwa sababu yoyote ile.

Baada ya hapo fundi alifunga gesi, akatenganisha paipu, na boila ikafunguliwa vipande vipande, hizi za kasti, yaani chuma cha kumiminwa, zimeundwa kwa vipande vilivyobanwa pamoja kwa vyuma virefu, ukilegeza nati unavipiga vinaachana. Kila kipande kilihitaji watu wawili. Stoo sasa iko wazi, kuna alama tu ya mstatili sakafuni.

Dohani ya zamani hatuitumii tena. Moshi wa boila mpya ni wa baridi na wenye unyevu, ukiupeleka kwenye dohani ya matofali hauna nguvu ya kupanda, na ule unyevu wenye asidi unakula chokaa ya kati ya matofali. Tumeifunika juu kwa kofia inayopitisha hewa na chini tumeacha tundu la hewa ili ndani isivunde.

Alhamisi na Ijumaa, mpya ukutani

Boila mpya ni ndogo, inaning'inia ukutani, mtu mmoja anainyanyua akijipanga. Imewekwa kwenye ukuta wa nje wa stoo, na moshi unatoka kwa paipu mbili moja ndani ya nyingine, ya ndani inatoa moshi ya nje inaleta hewa safi ya kuungulia. Hiyo mimi naipenda sana kwa usalama, boila haivuti hewa ya nyumbani kabisa, ile ya zamani ilikuwa inakula hewa ya stoo na kuvuta baridi kutoka chini ya milango. Fundi amelaza ile paipu kwa mteremko kidogo kurudi upande wa boila, sio upande wa nje, maji yanayojitengeneza mle ndani yarudi kwenye boila yakatoke kwa njia yake badala ya kudondoka nje na kuganda. Akapima pia umbali kutoka dirishani.

Paipu ya gesi ilikuwa nyembamba kutoka kwenye mita. Boila ndogo ilitaka gesi kidogo kuliko ya zamani kwahiyo nilitegemea itapita bila shida, ila fundi akapima presha boila ikiwa inavuta kwa nguvu yake yote, sio ikiwa imelala, akaridhika. 

Yale maji ya moshi nayo yana utaratibu wake. Yana asidi, pH yake iko kati ya 3 na 5, kwahiyo paipu ni ya plastiki mwanzo mpaka mwisho, shaba hapana, chuma hapana. Njiani tumeweka chupa yenye mawe ya chokaa, maji yanapita humo asidi inapungua kabla ya kuingia kwenye bomba la maji taka. Na tumeipitisha ndani ya nyumba. Ukiitoa nje kwa paipu nyembamba, usiku wa barafu inaganda, maji yanarudi nyuma, boila inajizima, na inajizima usiku ule ule unaoihitaji. Kama huna namna zaidi ya kuipitisha nje basi iwe nene, fupi na imefunikwa.

Kwenye paipu inayorudi boila, kabla haijaingia, nimefunga chujio lenye sumaku ndani. Baada ya kuona kile kioja cha chupa siwezi kufunga boila bila hicho kitu.

Jumamosi, maji na hewa

Kabla ya kujaza nimepima tenki la kupanukia. Maji yakitoka nyuzi 10 kwenda 70 yanaongezeka zaidi kidogo ya asilimia 2, mfumo wangu una lita kama 90, hiyo ni lita mbili zinazotafuta pa kwenda, na tenki lina mpira ndani wenye hewa upande mmoja wa kuzipokea. Presha ya hiyo hewa lazima ipimwe upande wa maji ukiwa hauna presha, vinginevyo unapima maji na sio hewa. Radieta ya juu kabisa iko meta 5 juu ya tenki, kila meta ni 0.1 ya bar, inakuwa 0.5, ongeza 0.3 ya akiba, 0.8. Lilikuja na 1.0, nimepunguza. Maji nimejaza mpaka 1.2 yakiwa baridi.

Maji yenyewe yamepita kwenye chujio la kuondoa chokaa kwanza, halafu dawa ya kuzuia kutu kwa kipimo cha kwenye chupa. Hewa nimeitoa kuanzia radieta za chini kwenda juu, na nikarudia baada ya saa kadhaa maana hewa iliyoyeyuka kwenye maji inajitokeza taratibu.

Jumatatu, kuwasha

Fundi kajaza maji kwenye mtego wa chini ya boila, pale maji ya moshi yanapotokea, kabla ya kuwasha, kidogo tu lakini bila hayo moshi unatafuta njia kupitia paipu ya maji taka na kuingia ndani. Akapima uvujaji wa gesi, akatoa hewa kwenye paipu ya gesi, akawasha.

Halafu akaingiza kipimo chake kwenye tundu la dohani. Hewa ya ukaa asilimia 9.0 kwa nguvu ya juu, kwa nguvu ya chini 8.7, na kaboni monoksidi ndogo sana. Hizo namba ziko kwenye karatasi, saini yake iko chini, nimeibandika ndani ya mlango wa stoo. King'ora cha kaboni monoksidi kiko stoo na kingine korido ya juu karibu na vyumba vya kulala.

Sauti yake ni feni tu. Mama alishuka jioni akashika radieta ya sebuleni.

"Mwanangu, hii mbona haijawaka?"

"Imewaka mama, iko chini kwa makusudi. Tazama thamomita pale."

Ilikuwa nyuzi 20 na nusu. Akakaa. Hili nalisema kwa uzito maana watu wengi wanapandisha maji kwasababu radieta haichomi mkono, tumezoea hivyo, wakati kinachotakiwa ni chumba kiwe na joto na sio chuma.

Wikiendi, kusawazisha

Radieta za karibu na boila zinavuta maji mengi, za mbali zinabaki na njaa, na yale maji mengi ya karibu yanarudi bado ya moto. Kwahiyo kusawazisha kunasaidia mara mbili, chumba cha mbali kinapata na maji ya kurudi yanapoa. Nimefunga thamomita mbili ndogo za kubana kwenye paipu, moja inapoingilia na moja inapotokea, nikabana ile valvu ya chini yenye kifuniko, robo mzunguko kwa robo mzunguko, nangoja, nasoma. Lengo ni tofauti ya nyuzi 10 kwenye kila radieta. Ni kazi ya kuvumilia, ukigusa moja nyingine zote zinahama kidogo. Chumba cha mama kilikuwa kimeachwa wazi kabisa na bado kikawa cha mwisho kupata, mpaka nilipoibana ya korido karibu kuifunga.

Sensa ya nje iko ukuta wa kivuli, mbali na dirisha na dohani. Hiyo inaiambia boila nje kuna baridi kiasi gani na boila inachagua yenyewe joto la maji. Nje ikiwa 5 chini ya sifuri inatuma 55, nje ikiwa 7 inatuma kama 42 na yanarudi na 34. Huo uhusiano wa baridi ya nje na joto la maji unachorwa kama mstari, nami naushusha kidogo kidogo mpaka mtu aseme kuna baridi, halafu napandisha hatua moja. Na usiku sizimi kabisa, nashusha nyuzi mbili tu, kwasababu nyumba ikipoa sana asubuhi boila itataka kupandisha maji na mavuno yote yanapotea.

Usiku wa kupima maji

Hiki nilikuwa nakisubiri. Nimetoa paipu ya maji ya moshi kwenye chupa ya chokaa nikaiweka kwenye ndoo yenye alama za lita, usiku mzima, saa 8. Gesi iliyotumika meta za ujazo 4. Kama mvuke wote ungegeuka ningepata lita 6.4. Nimekuta lita 4 kasoro kidogo. Kila lita imerudisha karibu thuluthi mbili za kilowati saa ndani ya nyumba, joto ambalo zamani lilikuwa linapita juu ya paa.

Kesho yake nikapandisha maji kwa makusudi mpaka 75, nikakaa na ndoo. Ilidondoka taratibu, ikachelewa, maji ya kurudi yalipovuka 58 ikakauka kabisa. Boila ile ile, gesi ile ile. Nikarudisha 45, ikachukua muda radieta kupoa, na matone yakaanza tena. Mtu yeyote mwenye boila ya aina hii afanye hiki kipimo, ni ndoo tu.

Sasa hivi

Nimepata siku nyingine yenye wastani wa nyuzi 3 nje, thamomita ile ile pale pale, ndani joto ni lile lile isipokuwa kwa mama ambako limepanda. Mita imesoma 14 na nusu badala ya 20. Boila inawaka kwa saa nyingi mfululizo kwa nguvu ndogo, na chujio la sumaku nimelifungua likawa na utando mwembamba tu, sio tope.

Kilichobaki ni paipu za chini ya sakafu upande wa jikoni ambazo hazijafunikwa, na ule uwazi ndani ya kuta ambao nikiujaza, 1.5 ya ukuta itashuka sana na itabidi nirudie hesabu zote na kushusha mstari wa maji tena, pengine mpaka 48 kwenye usiku mbaya. Mawe ya chokaa yanakaguliwa kila mwaka, na mtego wa chini unasafishwa siku hiyo hiyo fundi akifungua kibadilisha joto na kubadilisha mipira ya mlango wa moto. Keshaandika mwezi wa kurudi kwenye ile karatasi ya mlangoni.